Hita ya Chumba cha Bibi

Harufu ninayoikumbuka ya mwaka ule si ya chakula wala ya mvua. Ni ya udi uliopashwa moto bila kuungua, ukachanganyika na kanga mbichi zinazokaushwa kwa nguvu. Ilianzia chumbani kwa Bibi, ikapita chini ya mlango, ikatukuta sebuleni tunafanya kazi za shule na makoti mwilini. Tulikuwa tunakaa Fordsburg, mjini Johannesburg, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na Baba alikuwa na kibanda chake cha manukato kwenye soko la ndani, mtaa wa pili. Bibi, mama yake Mama, alikuja kutoka Tanga mwaka 2015, nikiwa na miaka kumi na miwili. Hakuja kutembea. Mama ni mtoto wake wa pekee, na nyumba ya Tanga ilikuwa imebaki na Bibi peke yake na majirani wenye shida zao. Mama aliapa mbele yetu sote kwamba mama yake hatakufa peke yake. Akampa chumba kikubwa, akajisifu kwa kila mgeni. Tatizo ni kwamba dirisha la chumba hicho liliangalia kusini, na huku Johannesburg dirisha la kusini halilioni jua kipupwe kizima.

Kipupwe cha Tanga ni shuka moja ya ziada na watu kulalamika kidogo asubuhi. Cha Johannesburg kinaingia mpaka kwenye vijiko. Bibi alikuwa na kifua tangu zamani, na wiki za kwanza za Juni tu akaanza kukohoa kikohozi kinachomkunja. Daktari wa kliniki alimsikiliza mgongo, akamwambia Mama maneno machache: dawa ni hizi, lakini huyu mama akae kwenye joto, la sivyo dawa hazitamsaidia. Mama akarudi na hita ya mafuta, ile yenye mbavu nyeupe na magurudumu, na pembeni ina kitufe cha kuzungusha chenye namba moja hadi sita. Bibi aliiangalia kama mtu anayetazama mchumba asiyempenda. "Moto usioonekana huo ni moto gani, Zainabu?" akamwuliza Mama. Lakini akaizungusha hadi sita, akavuta kiti.

Sasa nikwambie jinsi sisi tulivyoielewa hita ile, maana nyumba nzima tuliielewa vivyo hivyo, na msomi hakuwepo wa kumcheka mwenzake. Tulidhani namba ni makaa. Mbili ni makaa machache, sita ni jiko limejaa. Ukitaka joto la haraka, jaza. Kwa hiyo hita ilikaa kwenye sita mchana kutwa, na kila baada ya muda ilitoa mlio mdogo, tk, taa yake nyekundu ikazima. Bibi alikasirika kweli. "Imesusa tena," alisema. "Ina kiburi hii." Akaipiga kofi ubavuni, na ikitokea imewaka baadaye, alijua ni kofi ndilo lililoitia adabu. Mimi aliniita "mke mwenzangu", kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, na akanipa kazi ya kuipiga yeye akichoka.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni tenga. Bibi alisafiri nalo kutoka Tanga, tenga la fito la kufukizia nguo, limefungwa kwa kamba juu ya sanduku. Kwao mwanamke havai nguo ambayo haijapita kwenye moshi wa udi; kabla ya Magharibi chetezo kinawashwa, tenga linafunikwa juu yake, nguo zinatandazwa juu ya tenga. Baba alimwomba, kupitia kwa Mama, asiwashe makaa ndani ya fleti. Bibi akakubali, mtu wa watu, akahamisha kazi yote kwenye hita tangu siku ile ilipoletwa. Udi uliolowekwa mafuta aliuweka kwenye kifuniko cha kopo juu ya mbavu, tenga likafunika, kanga, mabaibui na shuka zikatandazwa juu mpaka sakafuni. Na kwa kuwa hakuna kilichokauka kwenye nyumba ile, tenga halikuondoka tena. Asubuhi lipo, jioni lipo. Baba hakujua. Huwezi kuingia chumbani kwa mkweo ukaanza kukagua nguo zake.

Hita ikaendelea kususa. Ikiwaka kidogo, tk. Chumba kikawa baridi hata ukipumua unaona pumzi yako, na hita yenyewe huko chini ya nguo ikiguswa inaunguza. Mama akasema tumeuziwa takataka. Baba akaibeba begani mpaka dukani, bila tenga bila shaka, na mwenye duka akaiwasha mbele yake, wakakaa, ikawaka bila tabu. "Sharp, my brother, nzima hii, haina kasoro," akaambiwa, akairudisha begani. Usiku ule kikohozi cha Bibi tulikisikia vyumba vyote, na Mama akalia jikoni akidhani hatumwoni.

Siku chache baadaye, darasani kwetu, mwalimu wa sayansi alituonyesha kipande chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Alikipasha kwa kibiriti, kikajipinda, kwa sababu metali moja hutanuka zaidi kuliko nyingine. Hicho, alisema, ndicho kilicho ndani ya pasi, ndani ya hita, kinaitwa themostati. Kikipata joto ulilokitajia kinajipinda na kukata umeme. Kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Namba si wingi wa moto. Namba ni mahali unapokiambia kiache. Nilikaa pale nimeduwaa. Kipande kile hakijui chumba, hakimjui Bibi. Kinajua hewa inayokigusa tu, na ya kwetu ilikuwa hewa ya chini ya tenga, hewa ya tanuri. Nilikimbia nyumbani, sikusubiri hata rafiki zangu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akalitazama tenga lake, akasema, "Kumbe aliyesusa ni mimi!" Akacheka mpaka akakohoa. Tukaliondoa pamoja. Mama alinibusu utosini, na Baba akaniita profesa wakati wote wa kula. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Tukaisubiri hita ifanye kazi yake. Jioni ile taa nyekundu iliwaka bila kukatika, na sisi tukafurahi: ona, haisusi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Mama, ambaye alikuwa amenielewa vizuri kuliko wote, alisimama mlangoni akaniuliza polepole, "Mwanangu, si ulisema joto likifika inajizima?" Nikasema ndiyo. "Basi mbona haizimi?" Jibu nilikuwa nalo, sikutaka kulitoa. Haizimi kwa sababu joto halifiki. Tuliiteremsha mpaka nne, ikaendelea kuwaka. Tatu, vilevile. Mbili ndipo ikasema tk, na mbili ilikuwa baridi ya kuvaa soksi mbili. Dirisha lile lilikuwa kioo kimoja chembamba kwenye fremu ya chuma, na joto lote tulilolitengeneza lilikuwa linakwenda kupasha mtaa. Tuliziba nyufa kwa matambara, tukatundika blanketi dirishani. Baba akaazima hita ya pili. Tukaiwasha, umeme wa ghorofa nzima ukakatika, majirani wakatoka koridoni na eish zao za kulalamika, tukairudisha hita kwa mwenyewe. Fundi wa jengo akasema nyaya ni za zamani, msijaribu tena.

Kabla ya hapo tulikuwa na kitu cha kulaumu. Kulikuwa na hita mbovu, duka la wezi, tenga. Sasa tulijua hita ni nzima, inafanya kazi kwa nguvu zake zote mchana na usiku, na nguvu zake zote hazitoshi. Mama alizoea kukaa kitandani kwa Bibi akisikiliza, kazi mkononi haiendi, anangoja mlio ule mdogo. Nilimchukia mwalimu wangu wa sayansi, maskini, hana kosa.

Julai katikati Bibi alimwita Mama, nami nikiwepo. "Nirudishe, Zainabu." Mama akasema hapana, tutahama, tutatafuta chumba cha jua. Bibi akasema, "Kwa pesa ipi? Nirudishe. Huku mtanizika." Mama akajibu, "Na kule nani atakuzika?" Bibi hakukasirika. Akamshika mkono tu. Akaondoka kabla Agosti haijaingia, na tenga lake. Karatasi za Mama za kukaa nchini zilikuwa hazijatoka; akitoka, harudi. Kwa hiyo alimsindikiza mpaka mlango wa uwanja wa ndege. Bibi alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, akazikwa baada ya Adhuhuri, na majirani ndio waliomwosha. Mama aliyapokea yote kwa simu, amesimama jikoni.

Sasa nafanya kazi Braamfontein, mjini humuhumu, na nimepanga fleti ya jengo jipya. Vioo ni viwili viwili, na ukutani kuna kidude cha themostati kinachoonyesha nyuzi za joto kwa tarakimu. Joto linafika upesi na kubaki. Mama anakaa nami, karatasi alishapata. Kipupwe kilichopita nilirudi kazini nikakuta kila kitu kimezimwa na yeye amejikunyata kwenye kochi na sweta mbili. Nikadhani hajui kukitumia, nikaanza kumweleza. Akanikatiza, si kwa ukali. "Najua kinavyofanya kazi, mwanangu. Ulinifundisha wewe. Lakini joto lote hili la nini, na mwenye kulihitaji tumeshamzika?" Kisha akajisahihisha: "Hata kumzika, hatukumzika." Nikakaa kando yake, koti langu sikulivua.