Yaya Ameacha Kazi

Katika kikundi chetu cha maigizo pale Pumwani, mimi nilikuwa yaya wa kudumu. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi, na Kiswahili changu kimebeba lafudhi ya kwetu hadi leo. Nikitamka neno moja tu jukwaani, ukumbi unaangua kicheko. Mlinzi anatoka kwetu, yaya anatoka kwetu. Bosi hutoka kwingine. Hivyo ndivyo michezo yetu ilivyoigawa nchi, na bado tulijiita wasanii wa haki!

Mwaka jana tukaamua kuigiza riwaya moja kongwe ya kejeli, inayomhusu waziri anayewadharau watu waliompa kiti. Kitabu kilikuwa hoi, kurasa zimeshikiliwa na gundi. Nilikisoma nikipika, nikakisoma tena kwenye foleni ya maji, na nikamtaka yule waziri. Nilimtaka kwa hasira.

"Wewe ni yaya," akasema mwelekezi wetu, baba mmoja wa Kware mwenye moyo mzuri, na aliamini ananisifu. "Vile unashrabu, dadangu, na hiyo lafudhi yako, watu wataanguka kwa kicheko. Lakini waziri hawezi ongea hivyo. Nani ataamini?"

"Kwani wale mawaziri wa kwa redio huwasikii?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia yaya ameacha kazi, na nisipopewa waziri natoka kikundini. Sikuwa natisha mtu. Ningeumia sana, lakini ningetoka.

Akanipa, shingo upande. "Wakikucheka usinililie."

Siku ya onyesho nilivaa koti na tai, nikapanda jukwaani. "Wananchi wenzangu," nikaanza, na ukumbi ukalipuka papo hapo. Hawakuwa wanamcheka waziri. Walikuwa wanamcheka yaya aliyevaa suti. Uso uliniwaka moto. Nyuma ya pazia, mwelekezi alikuwa ameshika kichwa.

Sikushindana nao kwa kelele. Nikavuta kiti, nikaketi, nikakunja nne, nikawatazama safu kwa safu mpaka kicheko kikawaishia. Kisha nikasema jambo ambalo halikuwa kitabuni.

"Chekeni. Lakini ni nyinyi mlionipigia kura."

Hapo hakuna aliyecheka. Nikasimama, nikaianza hotuba upya, polepole, kwa lafudhi ileile.