Magunia Juu ya Paa la Kiwanda

Alhamisi, mwezi wa nne. Asubuhi mawingu meusi upande wa ziwa, joto la kunata, upepo wa kuzunguka-zunguka usiojua unakwenda wapi.

Naona aibu hata kuandika, lakini habari imeshafika Bukhayo na imeshavuka mpaka wa Uganda, heri niseme mwenyewe nisije nikasemewa vibaya zaidi (ingawa waliosema, kwa haki, hawajaongeza mengi).

Mimi ni mlinzi wa kiwanda cha unga wa muhogo cha Mama Nafula, kile kilichoungua mwaka jana. Tangu moto ule kina mama waliokuwa wakimenya muhogo hawana kazi, na mmoja wao ni mke wangu Auma, ambaye siku hizi anabeba mizigo ya watu mpakani kwa kichwa. Leo afisa wa kaunti alikuwa anakuja kukagua jengo baada ya kukarabatiwa; akisaini tu, kesho kina mama wanarudi kazini.

Fundi Ekisa alilirudisha vizuri kuliko lilivyokuwa, siwezi kumnyima sifa. Kuta ameziinua, mabati mengine ameweka yale ya kupitisha mwanga, na juu ya paa kuna vichwa vya bati vinavyozunguka na upepo, vinavuta joto na vumbi nje, maana vumbi la unga likijaa ndani cheche moja inatosha. Alitueleza. Nilikuwepo. Labda nilisikia nusu, au nilisikia yote nikadhani mimi naijua mvua kuliko yeye.

Basi nikaangalia yale mawingu, nikaangalia muhogo mkavu uliopangwa ndani, nikaona vile vichwa ni matundu tu ya kuingiza mvua. Nikapanda ngazi, nikavivika magunia, nikakaza kwa blada, zile raba za watu wa bodaboda za kufungia mizigo, nikashuka nikijipongeza.

Wageni wakafika, afisa pamoja na padre wa kubariki jengo, na kina mama, Auma akiwemo, wakaja kushuhudia. Fundi akamwambia afisa, "Madam, hapa vumbi halikai."

Mashine ikawashwa. Vumbi likakaa.

Nikajua papo hapo ni mimi, lakini badala ya kusema nikakimbia kufungua lango kubwa ili hewa iingie, na ule upepo wa kuzunguka ukaingia wote kwa pamoja, ukazoa unga wa sakafuni ukawamwagia afisa, padre, na Mama Nafula na kitenge chake kipya.

"Zima! Zima mashine!" afisa akapiga kelele.

Wakatoka nje weupe pepepe, na vijana wa bodaboda barabarani wakashangilia.

"Padre, leo mmebatizana wenyewe kwa wenyewe?"

"Mama Nafula, hiyo poda umetoa Kampala ama?"

Fundi Ekisa alikuwa anatazama juu. "Nani amevalisha paa yangu nguo?"

Auma akanigeukia (ndoa ni kitu kibaya, mtu anakujua mgongo na uso). "Baba Okello," akasema polepole, "panda."

Nikapanda mbele ya umati, blada ikakataa kufunguka, nikaing'ata kwa meno, watu wakacheka mpaka fundi mwenyewe akaniletea kisu. Magunia yalipotoka vichwa vikaanza kuzunguka, unga ukafuka juu ya paa, na ndani kukawa safi tena. Jengo lilifanya kila kitu alichosema fundi. Mimi nikabaki juu, sijui nishuke na uso upi.

Afisa akapangusa kope. "Mzee, jengo limepita. Wewe hujapita."

Akasema hatasaini mpaka kila mtu wa hapo, kuanzia mlinzi, afundishwe kukaa na hilo jengo. Atarudi wiki ijayo. Nilitaka kumwona mkali, lakini alikuwa na haki. Mama Nafula hakunifuta kazi. Kina mama walikunja leso zao wakaondoka bila kunitukana, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu tusi ningelijibu.

Nimeapa kuuliza kwanza, hata nikionekana mjinga mbele ya mtu mmoja; leo nimeonekana mjinga mbele ya barabara nzima. Mvua yenyewe haikunyesha.

Auma alikwenda mpakani moja kwa moja kutafuta mzigo. Nimepika mimi: ugali na mboga ya mrenda. Ugali ulikuwa na madonge. Auma amerudi usiku, amekula wote, shingo ameiegemeza ukutani.