Lori la Mashuka

Juzi, kwenye duka la vipuri hapa mjini, mzee mmoja wa Kiwanjani mwenye malori mawili aliweka mkanda wa mpira juu ya kaunta. Ulikuwa umelegea na kujaa nyufa kama kisigino cha mchunga mbuzi.

"Salaam aleikum. Nipatie kama hii."

"Aleikum salaam. Ni ya gari gani?"

Mzee aligeuka akatutazama, wanaume wanne kwenye foleni.

"Ya lori."

Muuzaji aliuvuta mkanda kwa vidole viwili. "Lori gani iko na mkanda nyembamba hivi? Inasumbua aje?"

"Mota inanguruma, lakini haizungushi. Halafu inanuka mpira imeungua."

"Ikiwa na mzigo?"

"Hata bila mzigo."

"Kwani huwa inabeba nini?"

Mzee alishusha kofia hadi kwenye nyusi. "Mashuka," akasema. "Na kanzu."

Tulicheka hadi dereva mmoja akashika ukuta. Mzee alitungoja tumalize.

"Ni mashine ya kufua. Nilinunua kwa mzungu alikuwa anahama. Mama watoto amesema hafui na mkono tena. Mpaka izunguke, mimi ndio nafua."

Alipewa mkanda mpya, akaenda zake kichwa juu.

Zamu yangu ilipofika, niliusukuma ndani zaidi ya mfuko mkanda niliokuja nao, mwembamba kama ule wa mzee, nikaomba betri za redio. Kwa hivyo kwangu mashuka bado yanafuliwa kwa mkono. Wa nani, sitasema.