Ngazi ya Edmund

Kazimierz Wojtas alisimama kwenye ngazi moja kwa miaka kumi na mmoja, ngazi ya tatu upande wa kaskazini, katika soko la mikataba la Chicago. Aliirithi kwa kaka yake Edmund, aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo. Pale sokoni mtu hagusi mahali pa mwenzake. Uumwe mwezi mzima, ukirudi utakuta nafasi yako tupu inakungoja.

Shimo walimosimama, yaani duara la ngazi ambamo wanunuzi na wauzaji hupigiana kelele, lilikuwa la mikataba ya Kimarekani. Aliyenunua haki ya kununua faharisi, yaani kipimo cha bei za hisa, kwa bei ya mapatano, aliweza kuidai siku yoyote, na muuzaji akamlipa tofauti kwa bei ya soko kufungia siku hiyo. Ng'ambo ya ukumbi lilikuwako shimo la mtindo wa Ulaya, ambako haki haidaiwi hata ukipiga magoti, mpaka siku ya mwisho ya mkataba.

Mkewe Bernice, mpishi wa shule, alimsihi ahamie huko. "Kule angalau unajua siku yako ya kuhukumiwa," alimwambia akimenya viazi. Kazimierz akajibu kwamba kule wanasimama watu wa kusinzia, na kwamba hawezi kumwacha Edmund peke yake. Bernice akaendelea na viazi vyake, maana marehemu habishiwi. Lakini alijua fika kilichowekwa dhamana kwa kampuni iliyomruhusu mumewe kufanya biashara: nyumba ya mkwewe, Mama Genowefa, ile ya matofali ya manjano karibu na barabara ya Archer.

Oktoba ile Kazimierz aliuza haki sitini za kununua kwa mia sita na kumi, akanunua nyingine sitini za mia sita na ishirini zimkinge. Soko lipande litakavyo, hasara yake isingevuka pointi kumi kwa kila mkataba. Jirani yake wa ngazi, Declan Tuohy, akamcheka.

"Mpolandi wewe, makoti mawili ndani ya nyumba?"

"Ngoja baridi ije, utakuja kuazima moja kwangu."

Jumanne, saa tisa alasiri, soko lilifunga kwa mia sita na ishirini na tano. Dakika kumi baadaye ikatangazwa kwamba mauzo ya kampuni moja kubwa ya kompyuta yameporomoka. Wenye haki za Kimarekani walikuwa na dakika chache bado za kudai kwa bei ile nono, nao wakazikimbilia.

Kazimierz alikuwa ameshatoka sokoni; alizisikia habari jioni redioni nyumbani, kijiko cha supu ya kabichi mkononi, akafurahi. Soko likianguka kesho, alimweleza Bernice, zile alizouza zitajifia zenyewe. Bernice akauliza, je, kama wameshadai leo? Akamjibu kwamba wauzaji wa kulipa huchaguliwa kwa kura, na kura haikuwahi kumgusa zaidi ya mikataba minne.

Asubuhi karani wa kampuni, Winifred, alimsubiri mlangoni na karatasi.

"Kaz, keti kwanza."

"Mingapi?"

"Yote sitini."

Pointi kumi na tano kwa kila mkataba, dola mia kwa kila pointi, jumla dola elfu tisini, kwa bei ya jana ambayo haikuwako tena duniani. Kengele ikalia, faharisi ikafungua kwa mia sita na nne. Zile haki za kumkinga, za mia sita na ishirini, sasa hazikuwa na thamani; alizipunga hewani kwa viganja vyote viwili, hakuna aliyemtazama. Ng'ambo, kwenye shimo la Ulaya, mzee mmoja aliyefanya biashara ileile kwa bei zilezile alikuwa anatafuna andazi. Hakuna aliyemdai kitu.

Declan hakutania. Alitazama viatu vyake.

Nyumba iliuzwa kabla ya Krismasi. Kazimierz akapata kazi ya kupanga barua posta. Sokoni Declan aliizuia ile ngazi ya tatu kwa mwezi mzima, kama desturi ilivyo, akimsukuma kila aliyeikaribia. Mwezi ulipoisha akasogea kando, na mtu mwingine akapanda.

Mama Genowefa alihamia chumba cha nyuma kwa mwanawe na cherehani yake. Hakuuliza habari za Marekani wala Ulaya. Aliuliza tu kama wenye nyumba wapya watakumbuka kufunika mawaridi kabla ya theluji, na Kazimierz akamwambia watakumbuka.

Bernice hakumkumbusha kwamba alimwonya. Alichukua kisu, akaanza kumenya viazi vya watu watatu.