Pumzi Kabla ya Upepo

Kabla hajamwagilia maji, kabla hata hajavua blanketi alilojitanda mabegani, Mama Mathakane Lefosa, 'M'e Mathakane kama tunavyomwita huku, anainama juu ya trei ya kwanza na kuipulizia miche. Anapuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Majani yanatikisika kidogo, kisha yanatulia. Anasogea kwenye trei ya pili.

Ndani ya kitalu nyumba hiki hakuna upepo. Kuna taa, kuna joto, na kuna unyevu unaodondoka kutoka kwenye nailoni. Miche hii ya bangi, yote ya kike kwa kuwa ndiyo yenye maua ya dawa, ilikatwa kwenye mashina ya mama zake ikaoteshwa mizizi humu humu. Haijawahi kuona jua. Wafanyakazi wanaiita watoto wa taa.

"Upepo wa kwanza waupate kwangu," anasema 'M'e Mathakane. "Mimi nina pumzi ndogo, tena nimekunywa uji mchachu tu. Ule wa mlimani haujui mtoto wala mgonjwa."

Nje, baridi ya mwezi wa kumi bado imelala kwenye bonde la Senqunyane, na jua halijavuka mlima. Shamba hili lina leseni ya kulima bangi ya dawa, na mafuta yake hupelekwa ng'ambo. Kazi ya 'M'e Mathakane, mjane wa miaka hamsini na minne, ni kuifundisha miche kuishi nje.

Ni kazi ya kutoa na kurudisha. Asubuhi ya kwanza trei hukaa mlangoni, chini ya neti nyeusi, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha hurudi ndani. Kesho yake hukaa zaidi. Baadaye neti huondolewa. Maji hupunguzwa, ili mizizi ijifunze kutafuta. Taa nazo huzimwa mapema zaidi kila jioni, lakini kidogo kidogo, maana giza likizidi ghafla mche hudhani baridi imekaribia ukatoa maua ungali mchanga.

Jua la huku juu halina mzaha. Jani lisilolizoea hugeuka jeupe kama karatasi kabla ya chakula cha mchana.

Trei hubebwa na wanawake wanne. Mmoja wao ni mimi ninayeandika haya. 'M'e Mathakane ni mama mkwe wangu, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema.

Juu ya mlango wa kitalu amechomeka utete mmoja, kama ule unaochomekwa kwenye nyumba yenye mzazi, ili wapita njia wasiingie na vumbi lao. Msimamizi wa shamba, Ntate Sekhonyana, yaani Baba Sekhonyana, mwenye sharubu nene na sauti ya kuita ng'ombe, anaucheka utete huo kila siku. Hata hivyo akifika mlangoni huvua kofia na kuuliza kama anaweza kupita.

"Baba haingii mpaka aitwe," 'M'e humjibu.

"Mimi si baba wa mtu humo ndani."

"Tutaona."

Bangi si ngeni kwake. Mama yake aliipanda katikati ya mahindi maisha yake yote, akiificha polisi wasiione, na kwa mavuno hayo akawanunulia wanawe viatu. Lakini ile ilikuwa mbegu ya kutupwa tu kwenye udongo. "Mama alirusha, akaenda zake," anasema. "Ile haikubembelezwa na mtu. Hizi zimelelewa kama watoto wa chifu, halafu tunazitaka zilale malishoni."

Mwaka jana alikosea. Ulivuma upepo wa siku nyingi, akaionea miche huruma. Kila asubuhi alisema kesho. Miche ikarefuka chini ya taa, kijani, mizuri, yenye shingo nyembamba. Siku ilipopandwa shambani ilikuwa imelala yote kabla ya mchana, na haikuinuka.

"Niliipenda vibaya," anasema, na hataki kuongeza neno.

Ndiyo maana mwaka huu kijiji kizima cha Ha Moqekela kinamtazama. Shamba limekubali chama cha wanawake wa kijiji kiipande miche yake kwenye ngazi ya ardhi iliyochongwa mlimani juu ya nyumba zetu, chini ya leseni na ulinzi wa shamba, na shamba linunue mavuno. Miche ikishika, wanawake watakuwa na kazi yao wenyewe. Ikifa, chifu amesema ardhi itarudi kuwa malisho ya kondoo, nao watarudi kupanga foleni getini kuomba kibarua.

Alhamisi iliyopita trei za chama zilikaa nje bila neti kwa mara ya kwanza. Mchana wingu likapanda nyuma ya mlima, jeusi, likija upesi. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu.

Ntate Sekhonyana alikuja mbio akituamuru tuingize kila kitu. Tulikuwa tumeshainua trei za kwanza 'M'e Mathakane aliponyoosha mkono tusimame. Hakuwa akilitazama wingu. Alikuwa ameinamisha kichwa, analisikiliza. Mvua ya mawe husikika kabla haijaonekana. Huja ikinguruma kama mkokoteni kwenye kokoto. Tulisikiliza sote. Palikuwa na radi tu, na mbwa.

"Ni maji," alisema. "Mwekeni mtoto chini."

Kila mmoja pale alielewa. Huku kwetu mtoto mchanga hutolewa uchi kwenye mvua, alie kidogo, watu wacheke, arudishwe ndani. Asiyenyeshewa hukua akiogopa radi.

Ntate Sekhonyana hakucheka. "Hii mvua ikiiua, 'M'e, watakaokuuliza ni chama chako, si mimi."

"Nawajua watakaoniuliza. Tunachota maji kisima kimoja."

Tukaweka trei chini. Mvua ikaja kwa mshazari, nene, ikaipiga miche ikalala kifudifudi kama nyasi zilizopitiwa na kundi. Puseletso, ambaye ni mweka hazina wa chama na hajawahi kukosa la kusema, aligeukia ukuta akafunika macho. 'M'e Mathakane alivua blanketi lake. Nilidhani anakwenda kuifunika miche, na nadhani mikono yake ilidhani hivyo pia. Akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akalikalia. Akakaa hapo na mvua inamwagika mgongoni, amelikalia blanketi ili mikono yake isilichukue.

Mvua ilipita kama ilivyokuja. Jua likatoka kali. Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea.

Kisha mche mmoja wa pembeni ukainua kichwa, polepole, kama mtu anayeamka akitafuta kiatu. Ukafuata wa jirani yake. Shina lililozoea kutikiswa huwa gumu ndani, na mashina haya yalikuwa yametikiswa kila siku, kwa pumzi, kwa kiganja, kwa upepo wa mlangoni. Kufikia jioni yalikuwa yamesimama yote, isipokuwa machache ya ukingoni.

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya mto. Puseletso aliyapata maneno yake yote kwa mkupuo. Alichota ndoo ya maji, akamzunguka Ntate Sekhonyana kwa nyuma, akammwagia kichwani, kama anavyomwagiwa baba aliyepata mtoto wa kike.

"Hongera, ntate. Ni wasichana."

"Wote?"

"Wote. Hapa wavulana hatuwaweki."

Akasimama akichuruzika maji kutoka kwenye sharubu, akazitazama trei moja baada ya nyingine. "Basi kwa ng'ombe wa mahari yao," alisema, "nitahitaji zizi jipya."

'M'e Mathakane alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akainuka kutoka kwenye jiwe, akaenda mlangoni, akauchomoa utete, kwa kuwa watoto walikuwa wameshatolewa nje.

Miche inapandwa Jumatatu. Mshahara wa 'M'e Mathakane ni maloti elfu mbili na mia nane kwa mwezi, na hana mpango wa kuacha kazi. Anachotaka ni chama kipate kitalu chake kidogo pale kijijini, chenye madirisha makubwa yanayofunguka. "Nami nifundishe mwingine kupuliza," anasema. "Mapafu yangu hayatatosha kila mwaka."

Nilipoletwa nyumbani kwake nikiwa bibi harusi, nilikuwa nimeishia darasa la tano na sikuweza kusema mbele ya watu watatu. Alinikalisha mlangoni nichambue maharage, wapita njia wanisalimie. Siku nyingine akanituma kisimani na jirani. Baadaye kwenye mashine ya kusaga, peke yangu. Baadaye getini hapa shambani. Nilidhani amenichoka, ananisukuma nje. Sikujua kwamba kila mara alikuwa nyuma ya dirisha, ananiangalia mpaka nipotee kwenye kona.

Sijawahi kumwambia. Namwambia hapa, kwa kuwa kalamu haioni haya kama nionavyo mimi: 'M'e, ule upepo wa kwanza niliusikia. Ulikuwa wa joto, na ulitoka kwako.