Kigawanyo cha 186289

Asubuhi ile mke wangu alianza kutokwa damu tukiwa nyumbani Nyasura, mimba ikiwa ya miezi minane. Hospitalini Bunda wakatuandikia rufaa, na kabla ya saa nne tulikuwa Musoma, yeye chumba cha upasuaji, mimi kwenye benchi nje na kadi yake mkononi. Mama mkwe alifika kutoka Butiama na vitenge viwili vya kumpokelea mtoto. Akakaa mwisho kabisa wa benchi, akatazama kwingine, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani.

Ninafundisha hisabati sekondari. Kadi ilikuwa na namba 186289. Nikaamua moyoni: ikiwa namba hii ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, wote wawili watatoka salama. Mtu aliyesoma hafanyi mambo hayo. Nilifanya.

Tarakimu zake zikijumlishwa ni 34, kwa hiyo tatu haimo. Saba ikabakiza tano. Kumi na moja ikakataa, kumi na tatu ikabakiza kumi na mbili. Nilijua nikifika 431 bila kupata kigawanyo nimemaliza, maana 432 mara 432 inaipita namba yenyewe. Niliandika nyuma ya bahasha ya vipimo, namba tasa moja baada ya nyingine. Watu walipita, mlango ulifunguliwa na kufungwa, sikuinua kichwa. Nilipovuka mia tatu nilianza kutumaini kweli.

Kwa 311 hakikubaki kitu.

Nikarudia, nikitafuta kosa kama ninavyotafuta kwenye madaftari ya wanafunzi. 311 mara 599. Nikarudia tena. Nilikuwa narudia mara ya nne mama mkwe aliponishika bega. Miaka sita ya ndoa hakuwahi kunigusa.

“Baba, weka kalamu chini. Nesi anakuita.”

Nesi akaniambia mama yuko hai. Mtoto, wa kike, aliishi dakika chache tu. Nilimsikiliza huku nikiamini, kwa ujinga ulioniingia siku ile, kwamba kama ningeishia 307 angekuwa anapumua.

Alasiri mke wangu alipopata nguvu ya kusema, aliuliza jambo moja.

“Alilia?”

Aliniuliza mimi, niliyekuwa hatua chache kutoka ule mlango. Sikuwa nimesikia chochote. Nilikuwa kwenye mia mbili na kitu, nagawanya.

Mama mkwe akajibu. “Alilia, mwanangu. Kidogo. Kama ulivyokuwaga unalia wewe.”

Tulimzika Butiama kesho yake. Mpaka leo sijamuuliza mama mkwe kama alisikia kweli. Mke wangu huwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba binti yake alilia. Nikiwa karibu, huwa naondoka.