Siku Niliyomjibu Marehemu

Nakumbuka Jumamosi moja ya wakati wa korona, mwanangu, nilipotoka hapa Bongwe nimejitanda buibui langu, barakoa imenifika chini ya macho, nikaenda Ukunda kutazama vichekesho. Usicheke. Nilikuwa na miaka sitini na sita, eda yangu ilikuwa imekwisha juzi tu, na jirani aliponikuta njiani akaniuliza naelekea wapi, nilimwambia naenda kununua uzi wa cherehani. Nilimdanganya mchana kweupe. Mjane wa umri wangu ningesemaje kwamba naenda kuchekeshwa?

Wazee wengi huwasimulia vijana makosa ya ujana wao, kwa sababu hayo yamekwisha kupoa. Mimi nami ujana wangu ulikuwa na makosa yake, mengine nitazikwa nayo, lakini hili la leo nililifanya nikiwa na mvi zangu kichwani. Kwa hivyo jimiminie chai, kaa vizuri, na usiniharakishe.

Mume wangu, Mzee Bakari, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa pilau za harusi. Toka Msambweni hadi Diani, harusi ya maana ilikuwa haipikwi bila yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, na hata hodi hakuwa akibisha. Alikuwa akikohoa. Akifika mlangoni hukohoa mara mbili fupi, kisha mara moja ndefu, kisha husema alhamdulillahi ya kuvuta, nami kutoka jikoni humjibu karibu. Hakuwa mgonjwa wa kifua hata kidogo. Ilikuwa ndiyo kengele yake, miaka arubaini na mitatu.

Jambo lake la pili lilikuwa kofia. Nilimdarizia kofia nyeupe kwa mkono wangu, na kila Ijumaa baada ya kuoga alikuwa akiitafuta nyumba nzima. Anapapasa mifuko, anainua mito, anachungulia chini ya kitanda huku ameshika kiuno, halafu ananiita: Mama Riziki, kofia yangu iko wapi? Nami namjibu iko kichwani mwako, Baba Riziki. Nayo kweli iko kichwani. Sijui alikuwa akisahau au akinichokoza, na sasa sitajua tena.

Riziki ni binti yetu, na Riziki ndiye mama yake Mishi. Huyu Mishi ni mjukuu tuliyemlea sisi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, akifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, kazi ya kuwachezea na kuwachekesha wageni jioni. Korona ilipoingia wageni wakaondoka, hoteli ikafungwa, naye akarudi nyumbani na begi lake. Yeye na babu yake walikuwa wakitaniana kutwa. Wewe wajua kwetu Wadigo mjukuu ni mtani wa babu yake, hilo si utovu wa adabu, ni haki yake. Alikuwa akimwita babu yake mume wangu, mimi akiniita mke mwenza, na mzee alikuwa akifurahi mpaka ananikera.

Mzee Bakari aliondoka kwa presha, asubuhi moja, mwezi ule ambao watu walikuwa wakiogopana kuliko wanavyoogopa nyoka. Nasema presha kwa sababu ilikuwa presha, daktari wake alikuwa akimtibu kwa miaka. Lakini wakati ule, mwanangu, mtu hakuwa na ruhusa ya kufa kwa kitu kingine. Ukifa tu, watu wanaulizana kwa macho. Tulikuwa tumesikia ya nyumba za watu, maiti inachukuliwa na wageni waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, wenyewe wanasimama mbali, hakuna kuoshwa na jamaa, na nyumba nzima inapelekwa karantini. Nilikuwa nimekaa chumbani na wanawake wachache walioruhusiwa, moyo wangu wote uko kwenye jambo moja tu, kwamba mume wangu aoshwe na watu wake.

Ndipo Mishi akatoka chumba cha ndani. Amevaa kikoi cha babu yake, kofia ile nyeupe kichwani, ameshika kiuno, anatembea ule mwendo wake wa kuvuta mguu wa kulia. Alikuwa akifanya anachotakiwa kufanya mjukuu siku kama ile, amwigize marehemu, wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Watu wakaanza kutabasamu chini ya kanga. Akasimama kizingitini, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Ungeona chumba kile. Kila mtu akajivuta ukutani, kanga zikapanda puani. Jirani mmoja aliinuka akatoka bila hata kuaga, nikajua anakwenda kusema kwamba Mzee Bakari amekufa kwa korona na mjukuu wake keshaambukizwa. Damu ilinipanda. Niliinuka, nikamnyang'anya ile kofia kichwani, nikamwambia mbele ya wote: "Toka nje. Huna haya, na babu yako hukumpenda."

Alivua kikoi, akakikunja vizuri, akakiweka kitini, akatoka. Mume wangu alioshwa na watu wake, alizikwa na watu wake, alhamdulillahi, hakuna aliyekuja na mavazi meupe. Jioni nilipomtafuta Mishi hayupo. Alikuwa amehamia Ukunda kwa wenzake wa hoteli, na simu yangu alikuwa hashiki.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, mwanangu, na kofia ile iko juu ya meza ya cherehani. Nilikuwa nikishona barakoa za vipande vya vitambaa, watu wakizichukua dirishani. Kila nikiinua macho naiona. Mwanzo nilikuwa nikijiambia yeye ndiye mwenye makosa, yeye ndiye mtoto, yeye ndiye aje kunipa shikamoo. Nilikuwa na kiburi kizuri kabisa, nimekishona mwenyewe na kukipiga pasi.

Aliyenikatia kiburi hicho ni dada yangu Mwanakombo, anayekaa Jego. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa na hana maneno ya kupamba. Siku moja alinipigia simu, nikaanza kumlalamikia habari za Mishi, jinsi alivyoniaibisha. Aliniacha nikaongea nikachoka. Kisha akaniambia: "Mwanasha, ulipokuwa na miaka kumi na minne ulivaa gauni la nyanya yetu, ukakunja midomo kama huna meno, ukaomba tumbaku mbele ya jeneza lake. Nani alikufukuza?"

Nilikuwa nimesahau, wallahi, au nilijisahaulisha. Niliiona siku ile yote. Mama yetu alikuwa hajafungua kinywa toka alfajiri, wala maji hakunywa. Nilipoomba tumbaku kwa sauti ya nyanya alicheka, akacheka sana, kisha akalia, kisha akaweza kula. Na mimi, unadhani nilikuwa simpendi nyanya yangu? Nililala kitanda kimoja naye mpaka nikavunja ungo. Nilimwigiza kwa sababu nilikuwa siwezi kumwacha aende.

Mwanakombo akaniambia tena, taratibu, kwamba yule mtoto ana miezi minne hajamlilia babu yake, na aliyemfunga ni mimi. Basi nikaanza kuulizia. Nikaambiwa Mishi na wenzake, wale vijana walioachishwa kazi hotelini, wanacheza vichekesho kila Jumamosi alasiri nyuma ya ukumbi mmoja wa harusi, mchana mchana, watu wapate kurudi kabla ya kafyu ya usiku. Harusi zilikuwa zimesimamishwa, mwenye ukumbi akawapa uwanja. Ni uwanja ule ule Mzee Bakari alipokuwa akipanga sufuria zake. Niliposikia hivyo nikatia kofia mkobani.

Mlangoni nilinawishwa mikono, nikaelekezewa kile kidude cha kupima joto kwenye paji la uso, nikakalishwa kiti changu peke yangu, ndani ya duara la chokaa. Kila kiti na duara lake, na baina ya mtu na mtu pangeweza kulala ng'ombe. Nikajiuliza watu watachekaje wamekaa hivi, maana kicheko kinataka bega la mwenzako.

Kijana mmoja wa bara, mchangamfu, akatueleza. Wao hawana maandishi, hawajakariri kitu. Sisi watazamaji tunatoa jambo, wao wanalicheza papo hapo, na kinachotolewa na mtazamaji hakikataliwi. Wakaanza. Mtu akataja bosi anayefanya mkutano kwa simu na huku nyuma kuku wanapigana. Mwengine akataja bwana harusi aliyefungiwa kaunti nyengine na kafyu. Walicheza vizuri, sitasema uongo. Mishi nilimwona, amekonda, barakoa imening'inia kidevuni, na nilipomwona nilitaka kuondoka.

Mama mmoja wa mbele akasema: mzee anajitayarisha kwenda msikitini Ijumaa. Wenzake Mishi wakatazamana, naye akaingia. Alishika kiuno. Alivuta mguu wa kulia. Mwanangu, nilimwona mume wangu akitembea kwenye uwanja wake wa pilau. Akafika pale alipojifanyia mlango, akaweka ngumi mdomoni, nami nikashika kiti kwa mikono miwili. Hakukohoa. Ngumi ilikaa pale kidogo ikashuka, akapita. Hakuna mwengine aliyejua kimekosekana nini. Nilijua mimi, kwa sababu ni mimi niliyemnyang'anya.

Akaanza kupapasa mifuko, akainua mto usiokuwepo, akachungulia chini ya kitanda kisichokuwepo. Watu walikuwa wanacheka sana, kumbe bega la mwenzako si lazima. Halafu akasimama wima, akaita kwa sauti ile ile: "Mama Riziki, kofia yangu iko wapi?"

Nakuapia sikuwa nimepanga. Mdomo ulijibu peke yake, kama ulivyozoea miaka yote hiyo. Nikasikia sauti yangu inasema: "Iko kichwani mwako, Baba Riziki."

Watu wakageuka, wakacheka, wakidhani nami ni wa mchezo. Mishi aliganda. Aliinua mkono taratibu akagusa kichwa chake, na kichwa kilikuwa kitupu. Akasema, bado kwa sauti ya babu yake, kwamba haiko, kwamba ilichukuliwa.

Nikainuka. Nikateremsha barakoa anione uso. Nikamwambia: "Ninayo mimi. Niliichukua kwa kuogopa watu. Nikasema hukumpenda, na nilijua ni uongo hapo hapo niliposema."

Sasa, siku nyengine ningemkimbilia nikamkumbatia. Siku zile hakukuwa na kukimbiliana. Niliitoa kofia mkobani, nikatembea mpaka kwenye kiti kitupu cha mbele, nikaiweka, nikarudi nyuma mpaka kwenye duara langu la chokaa nikasimama. Aliniambia baadaye kwamba hapo alitaka kukimbia, lakini akakumbuka kinachotolewa na mtazamaji hakikataliwi. Akaja, akaichukua, akaivaa, akairekebisha upande kama babu yake. Kisha akapandisha barakoa yake vizuri, akageuka pembeni, akaziba mdomo kwa kiwiko, akakohoa. Mara mbili fupi. Mara moja ndefu. Na alhamdulillahi ya kuvuta.

Uwanja wote ulishtuka, mikono ikaenda kwenye barakoa. Mimi nikasema karibu, kwa sauti kubwa, karibu Baba Riziki, nikacheka. Nilicheka toka tumboni, peke yangu kwanza, halafu mama wa mbele, halafu wote. Na Mishi akakaa chini pale pale, kofia kichwani, akamlilia babu yake. Nami nikamlilia kwenye duara langu. Hakuna aliyetuharakisha. Yule kijana wa bara alileta kiti chengine akakiweka katikati yetu, kitupu, akaondoka.

Jioni ile Mishi alirudi Bongwe na begi lake. Nilikuwa sikununua uzi, na yule jirani aliniuliza uko wapi.

Haya, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uichukue yote. Hofu ikiingia nyumbani usiiache ikuteulie maneno, kwa sababu maneno yangu nane ya siku ile yamenigharimu miezi minne. Usimpimie mtu mapenzi yake kwa namna anavyolia. Kuna anayelia kwa machozi, kuna anayepika, kuna anayevaa kikoi cha marehemu akawachekesha watu, na wote wamefiwa. Na ukimkosea mdogo wako, wewe ndiye uende. Usikae na ukubwa wako kungoja shikamoo. Mpelekee mwenyewe ulichomnyang'anya, mbele ya watu ikiwa ulimnyang'anya mbele ya watu, na kama huwezi kumkaribia, kiweke mahali atakapokifikia, kisha umpishe.

Mungu akuzidishie umri, akuhifadhi na maradhi na kiburi, akupe watu wa kucheka nao siku zako na wa kukucheka siku utakapoondoka. Na popote utakaposimama mlangoni, hata ukikohoa tu, apatikane ndani mtu wa kukwambia karibu.